Kovu Waliloliita Mto

Harufu ya sukari inayoungua ilianza Jumatatu, ndani ya karakana ambayo hata chai haikupikwa humo.

"Dada Deya, umeacha kitu jikoni?" Yurleidy, fundi wa Deyanira, aliuliza huku pua iko juu.

"Jiko gani? Hapa tuna jiko?"

"Basi jirani anaunguza. Mh! Na anaunguza kwelikweli."

Deyanira akainamia kazi yake. Harufu hiyo aliijua. Ni ya maji ya miwa yanayochemshwa mpaka yawe mazito, kwenye sufuria kubwa la shaba, kule kwao kando ya mto Atrato. Mara ya mwisho kuisikia kali namna hii, dada yake Eneida alikuwa akipiga mayowe.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Hapo jijini Cali, Deyanira alitengeneza makovu ya kubandika. Ndiyo, makovu! Ya silikoni laini, mengine yamepakwa dhahabu kingoni. Msichana anabandika shavuni, anaenda zake dansi. Kwenye tangazo aliandika: "Usiionee haya ngozi yako." Watu wakagawanyika. Mama mmoja aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani alinunua mawili, akambusu Deyanira mkono, akasema kwa mara ya kwanza binti zake wamelitazama kovu lake bila kugeuza macho. Wiki hiyohiyo akaja mwingine, aliyemwagiwa tindikali na mchumba. Alilichukua kovu moja, akalipapasa, akalirudisha mezani taratibu.

"Zuri," alisema. "Tatizo, langu mimi halibanduki jioni."

Yurleidy alilia siku ile. Deyanira akamwambia, "Kila mtu na mtazamo wake, bwana. Endelea na kazi."

Rahisi kusema. Ila lile kovu lililouzika kuliko yote, lile lenye matawi walilolipa jina la Mto, halikuwa la kubuni. Lilikuwa la Eneida.

Deyanira alikuwa mtoto mdogo, ndiyo kwanza anajua kukimbia, alipolikimbilia sufuria lile. Eneida akamsukuma pembeni, na ule uji wa miwa wa moto ukammwagikia yeye kuanzia jichoni mpaka shingoni. Mdogo akakua na uso mwororo. Na shukrani yake? Siku ya sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na mitano, gauni limemkaa kama bibi harusi, mpiga picha kashafika, alimpelekea dada yake kitambaa.

"Usikasirike, dada. Kwa ajili ya picha tu. Jifunike, au kaa jikoni kidogo."

Eneida hakukasirika. Alikwenda kukaa jikoni, na tangu siku ile hakutoka tena nyumbani bila kitambaa usoni, mpaka alipofariki mwaka jana.

Siku ya kumwosha, Deyanira aliomba aachwe peke yake na marehemu amchane nywele. Aliwahi kufanya kazi kwa mtengeneza meno ya bandia, na unga ule wa kuchukulia alama za fizi alikuja nao ndani ya mkoba. Tuseme ukweli: alikuja nao makusudi. Akaukoroga, akaupaka kwenye shavu baridi la dada yake, akangoja ugande, akaubandua. Hapo akapata kalibu ya kumiminia silikoni.

Kwa watu wa mtoni, mambo hayo hayafanywi. Matanga ni siku tisa. Usiku wa mwisho madhabahu ya marehemu hubomolewa, taa huzimwa, watu husimama huku na huku wakiacha njia katikati, na roho hutoka mlangoni kwenda zake. Kabla ya hapo kila kilichogusa uso wake lazima kiwe nje, maana roho haisafiri ikiacha uso nyuma. Nguo zilitolewa, mito ikatolewa. Mkoba wa Deyanira ulibaki chini ya kitanda.

Roho iliyobaki nyuma, wengine wangeiita jini. Kwao haina jina. Wanasema tu, aliyekosa njia.

Alhamisi mvua ilipiga jiji zima na umeme ukakatika kabla ya jioni. Saray, binti wa pekee wa Deyanira, aliyekuwa anatimiza miaka kumi na mitano Jumamosi ile, alirudi nyumbani kutoka shuleni akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Mama, nimebandika Mto kuwaonyesha wenzangu. Sasa halitoki."

"Paka mafuta."

"Nimepaka! Linauma, mama."

Deyanira akawasha mshumaa, akaingiza kucha chini ya ukingo wa kovu. Hapakuwa na ukingo. Silikoni ilikuwa imezama nyamani, ina joto, tena inadunda, na kadiri alivyolitazama ndivyo alivyoona tawi moja likishuka polepole kuelekea shingoni, huku harufu ya sukari ikipanda kutoka kwenye nywele za mtoto, kwenye mashuka, kwenye kuta, na ule mlio wa uji mzito unaotokota, blop, blop, ukisikika nyuma ya mlango wa jikoni ambako hakuna kilichowashwa. Kisha Saray akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima aliyezoea kunong'ona nyuma ya kitambaa.

"Kwangu lilikuwa aibu, mdogo wangu. Kwenu limekuwa urembo?"

"Dada," Deyanira alisema. "Dada, mwache mwanangu."

Saray alikuwa amerudiwa na sauti yake, analia, anashika shavu.

Mama Pastora, yule aliyeongoza nyimbo za matanga ya Eneida, alikuwa amehamia Cali kwa mwanawe. Deyanira alipomwita, alifika amelowa chapachapa, akasimama mlangoni, akanusa. Hakuvua hata koti.

"Kiko wapi?"

"Nini, mama?"

"Usinifanye mtoto, Deyanira. Usiku ule wa tisa niliimba mpaka sauti ikakauka na yule mwanamke hakutoka. Nikajua kuna mtu kabana kitu. Kiko wapi?"

Deyanira akatoa kalibu kabatini. Mama Pastora alifumba macho.

"La kuvunda halina ubani," alisema. "Ungeomba uso wake akiwa hai, binti yangu, pengine angekupa. Angefurahi hata kuombwa! Ninyi mlimficha hai mkamuuza maiti."

Deyanira akaangua kilio. Aliyasema yote pale, mbele ya binti yake: sufuria, kitambaa, jikoni, unga wa meno. Aliyasema akipiga magoti, na aibu ilimchoma kuliko hofu.

Mama Pastora akafungua mlango wa mbele, mvua ikaingia. Akauzima mshumaa. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kisha katikati ya wimbo akanyamaza.

"Yuko hapa. Hataki kwenda mikono mitupu. Anasema uso huu haurudi kaburini tena. Mtu wa nyumba hii atembee nao. Mtoto, au wewe."

"Mimi," Deyanira alisema. Alisema upesi, hilo tumpe haki yake.

Kalibu ikapigwa sakafuni, ikavunjika. Kitu kilipita katikati yao, kizito na chenye joto. Kovu likadondoka kutoka kwa Saray, kimpira tu, kisicho na uzito. Na Deyanira akapiga yowe lilelile alilolisikia utotoni.

Jumamosi sherehe ilifana. Wali wa nazi ulikuwepo, samaki wa kukaanga, muziki mpaka barabarani. Msichana mmoja, mwenzake Saray wa shuleni, alimkimbilia Deyanira. "Shangazi, huo Mto umekukaa! Mmeuboresha?" Akanyoosha kidole akaugusa, akakurupuka nyuma, akajifuta kidole kwenye gauni.

Kisha mpiga picha akaita familia. Saray alikuja na gauni lake jeupe, mzuri, shavu safi, ameficha kitu nyuma ya mgongo. Hakumtazama mama yake usoni.

"Mama, usikasirike," alisema. "Kwa ajili ya picha tu."

Kilikuwa kitambaa.

Deyanira alikipokea. Akajifunika, akaenda jikoni polepole huku vicheko vikibaki nyuma yake. Ndani hapakuwa na moto wala sufuria, lakini harufu ya sukari ilikuwa imejaa tele, na viti viwili vilikuwa vimevutwa mezani, kimoja karibu na kingine.

"Kaa, mdogo wangu," sauti ilimwambia. "Picha huwa zinachukua muda."