Rangi Nyeusi kwenye Pangaboi

Kila siku baada ya shule, Sindano alibadilisha sare, akala, kisha akaenda kwenye duka la mjomba wake, fundi saa. Kazi ya kwanza dukani ilikuwa kunawa mikono. Mwenye mikono ya vumbi hakugusa meza ya mjomba, hata angekuwa mteja wa miaka mingi.

Juma hilo, kwenye kona ya meza palikuwa na helikopta ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti. Shule iliipata ikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Mwalimu wa sayansi aliwakabidhi Sindano na binamu yake, mtoto wa mjomba, waiunganishe. Binamu huyo aliitwa Kobe, kwa sababu hakufunga skrubu hata moja kabla ya kusoma maelezo mara mbili. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi, na Kobe ndiye aliyechaguliwa kuirusha.

Sindano alifunga mapangaboi mawili ya juu, yale mabapa yanayozunguka. Kobe alifunga vijiti vinavyoyainamisha. Lakini Jumanne, walipoiwasha uani juu ya ubao, helikopta ilitetemeka kama mgonjwa wa homa.

"Rudini nyuma," mjomba alisema, akaizima.

Alibandika tepu nyekundu kwenye ncha ya pangaboi moja na ya bluu kwenye ncha ya jingine. Wakaiwasha tena, wakachungulia kwa mbali. Nyekundu ilipita juu ya bluu. Kobe akazungusha kijiti kimoja nusu mzunguko, na sasa rangi zote mbili zikapita kwenye mstari mmoja. Hata hivyo, mtetemo haukuisha.

"Labda vijiti vyako bado, mwanangu," mjomba alisema.

Kobe alivifungua, akavipima, akavirudisha. Jumatano alifanya hivyo mara tatu. Alhamisi aliweka bisibisi chini.

"Baba, mwambie mwalimu amchague mwingine. Sijui nakosea wapi."

Mjomba alimtazama, akavua miwani. "Una hakika?"

"Nimepima mpaka nimechoka. Tatizo ni mimi."

Jumatatu, pangaboi moja lilikuwa limemponyoka Sindano likakwaruzwa na sakafu ya saruji. Ulibaki mkwaruzo mweupe, mdogo kama punje ya mchele. Aliogopa kuambiwa ana haraka, kwani aliambiwa hivyo kila siku. Basi akachukua rangi nyeusi ya kucha ya dada yake, akapaka. Weupe ukaonekana bado. Akapaka tena na tena, mara nne.

"Mjomba, usimwambie mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Huenda si vijiti." Akaeleza yote, macho yakiwa mezani.

Kobe akaisogelea helikopta. "Umelipaka pangaboi rangi ya kucha?"

"Ndiyo."

"Ungelivalisha na hereni." Kisha sauti yake ikabadilika. "Na siku zote hizi unanitazama nikipima?"

"Nilikuwa nakutazama," Sindano alijibu. "Nisamehe."

Mjomba hakugomba. Aliyafungua mapangaboi, akayaunganisha kwa msumari mmoja mwembamba, akaulaza msumari huo juu ya midomo ya glasi mbili tupu zilizosimama sambamba. Upande wenye rangi ukashuka polepole hadi ukagusa meza.

"Mnaona? Rangi ni nyepesi mkononi, lakini pangaboi linapozunguka kwa kasi, uzito huo mdogo unavuta helikopta nzima." Akampa Sindano kisu chembamba cha kazi. "Ikwangue. Taratibu."

Sindano alikwangua kwa nusu saa bila kuinua kichwa. Mjomba akalipinda pangaboi kidogo mbele ya taa, akitafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Walipoyarudisha juu ya glasi, mapangaboi yalilala sawa kama mizani ya duka.

Ijumaa jioni Kobe alishika rimoti. Helikopta iliinuka, ikatulia hewani kwa kimo cha kiuno, haikutetemeka. Mwalimu, aliyekuja kuikagua, aliitikia kwa kichwa, akiridhika.

"Kesho saa nne, wewe ndiye rubani," alimwambia Kobe.

Kobe alimgeukia Sindano. "Na wewe utasimama karibu yangu. Lakini usije na rangi."

Mjomba alicheka, kisha akamshika Sindano bega.

"Mkwaruzo haukuwa na neno," alisema. "Ungenionyesha Jumatatu, ningeutazama, tukaendelea na kazi. Kuuficha ndiko kulikoleta mtetemo, na mwenzako akabebeshwa kosa lisilo lake. Na kama pangaboi lingekuwa na ufa chini ya rangi ile, lingekatika likampiga mtu usoni. Fundi huharibu kitu, mpwa wangu. Hata mimi huharibu. Ila akiharibu, husema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nimesikia, mjomba."

Sindano akaiendea helikopta, iliyokuwa imetua na kuzimwa, akapitisha kidole juu ya ule mkwaruzo mweupe. Jumamosi, mbele ya wazazi wote, aliuacha uonekane.