Kufuli la Namba Mbili

"Hakuna kufuli lililonishinda!" Hayo ndiyo yalikuwa majigambo ya fundi kufuli kila asubuhi. Na kweli, halikuwapo. Kilichomshinda ni swali moja tu la wateja: "Binti yako anasoma nini chuoni?"

Binti alisoma hisabati, tena ile ya namba tupu. Baba aliona haya. Alijibu, "Mambo ya ofisi," kisha akajifanya anatafuta tupa ya kuchongea funguo.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa humohumo kwenye karakana ya mumewe, karibu na dirisha. Siku moja mama alihisi uvimbe kwenye titi, akaenda zahanati. Muuguzi alimpiga picha ya ndani, akasema, "Daktari bingwa yuko mbali. Tutamtumia picha kwa mtandao."

"Picha ya kifua changu ipite hewani? Mtaa mzima uione? Sitaki!"

Wiki mbili zikapita. Uvimbe ulikuwa palepale.

Binti alirudi likizo, akaambiwa. Machozi yalimlenga, lakini hakugombana na mtu. Alichukua kufuli lililo wazi kwenye meza ya baba, na sanduku la vifungo la mama.

"Mama, andika siri yako, itie humu, ufunge."

Mama aliandika, akatia, akabana kufuli. Ta!

"Umehitaji ufunguo?"

"Wa nini? Si la kubana tu?"

"Haya, fungua."

Mama akalivuta wee. "Ah! Siwezi. Ufunguo anao baba yako."

"Ndivyo hivyo. Daktari naye ametoa kufuli lililo wazi. Yeyote anaweza kulifunga. Ufunguo anao yeye tu."

Baba akacheka. "Wewe mtoto! Kufuli linaloonwa na kila mtu? Mwizi atalichungulia, atachonga ufunguo. Mimi si ndiyo kazi yangu?"

"Kufuli lenyewe ni namba, baba. Nimezidisha namba mbili tasa, nimepata 8,051. Nitajie hizo mbili. Ndizo ufunguo."

"Tasa ndiyo nini?" mama akauliza.

"Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kama saba, au kumi na tatu."

"Lete kalamu," baba akasema.

Akagawanya kwa tatu. Akagawanya kwa saba. Akagawanya kwa kumi na moja. Wateja walisubiri, wengine wakaondoka. Adhuhuri alipiga kelele, "Themanini na tatu mara tisini na saba! Nimelifungua!"

"Hongera, baba. Mimi kuzizidisha ilikuwa dakika moja. Na hiyo ina tarakimu nne. Ya hospitali ya yule daktari ina zaidi ya mia sita."

Baba akaweka kalamu chini. "Mia sita! Hapo nimenyoosha mikono."

"Hata kompyuta za leo zimenyoosha. Watu walizichunguza namba tasa tangu zamani, bila kujua zitafaa nini. Walizipenda tu."

"Kama wewe," mama akasema.

"Kama mimi. Ila mama, kufuli halimsaidii anayegawa ufunguo. Neno la siri la simu yako usimpe mtu, hata akijiita daktari."

Baba alichukua ufunguo wake, akafungua sanduku. Kwenye karatasi mama alikuwa ameandika: *Naogopa kufa.* Baba aliikunja, akaitia mfukoni. "Kesho tunakwenda zahanati wote," akasema.

Picha ilitumwa. Jibu lilirudi siku ya tatu: kuna dalili za saratani, aje apimwe haraka. Kipimo kikathibitisha, lakini ilikuwa imewahiwa. Mama akapasuliwa, akatibiwa. Mtaani hakuna aliyejua, mpaka alipopona akawasimulia mwenyewe, na kuwahimiza wanawake wenzake wakapimwe.

Asubuhi moja mteja aliuliza swali lilelile. "Binti yako anasoma nini?"

Safari hii baba hakutafuta tupa. Alijibu kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Namba tasa!"

"Mh! Zinasaidia nini hizo?"

Baba akageukia dirishani, ambako cherehani ilikuwa ikinguruma.

"Muulize mama yake."