Aliyeitika Kwa Mwenyewe

Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipojaa ufuoni Kagunga, nilikwenda kumchukua Ikram, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ikram aliolewa ng'ambo ya mpaka, Rumonge. Mumewe hakujulikana alipo. Nilimkuta amekaa mchangani, katikati ya watu na moshi na harufu ya choo, amempakata Luqman wake wa miezi minane. Mtoto anaharisha maji matupu. Macho yamezama. Ukimfinya ngozi, inabaki imesimama.

"Mama mkubwa, meli wanasema kesho kutwa," akaniambia.

"Huyu hana kesho kutwa. Inuka."

Nikampata Bonaventura, mvuvi wa Kiha mwenye boti ya mashine. Tukaondoka alasiri imeshapita, sisi watatu na mtoto, kuiwahi hospitali Kigoma.

Sasa, njiani kuna rasi. Wavuvi wanapaita Kwa Mwenyewe. Pale jina la mtu halitajwi. Tangu nikiwa msichana, ukikaribia pale unaitwa kwa nguo yako au kwa umbo lako, mpaka mpite.

"Jamani, tumefika," Bonaventura akasema. "Kuanzia hapa mimi ni wa usukani. Huyo ni kitenge cha njano. Na wewe bibi, mnene."

"Mnene mama yako."

Hata Ikram akatabasamu.

Tukakata kona.

Mimi nimezaliwa Ujiji, ziwa nimelijua kabla sijajua kusuka ukili, lakini pale sijapazoea. Mlima unashuka wima mpaka majini. Miti myeupe, haina jani, imeng'ang'ania mwamba, mizizi nje kama vidole. Maji yanakuwa maangavu mno, unaona chini kabisa mawe ya mviringo yamejipanga safu safu, kama vichwa vya watu waliosujudu. Mawimbi yanapiga mwamba... na husikii kitu. Ndege hakuna. Hewa ina joto, inanuka maziwa yaliyolala.

Mashine ikazima.

Bonaventura akavuta kamba. Akavuta tena. Wapi! Jua linazama upande wa Kongo, mwamba wote umekuwa mwekundu.

Mtoto akashusha pumzi ndefu... macho yakageuka meupe.

Nikaona mdomo wa Ikram unafunguka. Nikanyoosha mkono niuzibe. Nikachelewa.

"Luqman! Luqman, baba, amka!"

Halafu, kule mwambani...

"Naam, mama."

Sauti ya mtoto. Nyororo, imenyooka, neno limetimia. Na huyu wa mapajani hajajua hata kusema "ta".

"Mawe we, mama yangu!" Bonaventura akanong'ona. "Kitenge cha njano, kaa kimya. Ukimwita tena, anakuja."

Nikaweka sikio kifuani kwa mtoto. Hakuna kitu. Vidole vimeanza kupoa.

"Mama mkubwa... amekufa?"

"Mama, niko huku," sauti ikasema. "Mbona hamnichukui?"

Nikamkumbatia Ikram kwa nguvu. "Huyo si wako, mwanangu. Nakuomba. Twende tukamzike. Mungu atakupa mwingine."

Akanitazama kama nimemtemea mate.

"Njoo," akasema. "Luqman, njoo."

Chap.

Chap... chap...

Nyayo ndogo, juu ya maji. Hatukuona mtu. Boti ikainama upande wa Ikram, kama mtu ameshika ukingo anapanda. Bonaventura anasali kwa Kiha.

Mtoto akavuta pumzi.

Akafumbua macho. Hakulia. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mpangaji anayekagua chumba. Kamba ikavutwa mara moja tu, mashine ikawaka.

Kigoma, nesi akamfinya ngozi, ikarudi. "Bibi, mbona huyu mzima?"

Nikawaleta kwangu Gungu. Mtoto anakula, ananenepa, majirani wanamsifu kwa utulivu. Titi alilikataa tangu siku ile, maziwa ya Ikram yakakauka. Na kulia, hajalia kamwe. Hata alipochomwa sindano.

Kiangazi kikaja, na Bonaventura naye. Hakutaka kuketi.

"Bibi, watu hawapiti tena kule jioni. Kuna mtoto mchanga analia. Hasemi neno. Analia tu, kama wa kunyonya."

Ikram alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka. Nikaona kifua cha gauni lake kinalowa. Maziwa. Yale yaliyokauka.

"Nipelekeni," akasema. Akapiga magoti, akanishika miguu. "Mama mkubwa, yule ndiye wangu. Nimemwacha na njaa. Nipelekeni!"

Nyuma ya pazia, kitandani, ikatoka ile sauti iliyonyooka:

"Mwache alie, mama. Hata mimi nililia sana. Baadaye unazoea."