Komeo la Ndani

Rafiki yetu mmoja, fundi vitasa, alipeleka familia yake kupumzika ufukweni, nchi ya watu, akaidharau hoteli tangu mlangoni. "Kitasa gani hiki? Hata paka angekifungua." Akapigilia komeo lake kwa ndani, akawafundisha wanawe wasimfungulie mtu bila neno la siri. Mlinzi alimsihi wasikiache chumba kitupu jioni; akamsonya.

Jioni walirudi wote kutoka kuogelea. Umeme ulikuwa umekatika, korido giza totoro. Mlango ukagoma: komeo limefungwa kwa ndani.

"Wezi wenyewe wajinga," akasema, akagonga.

Nyayo ndogo zilizolowa maji zikasogea ndani. Sauti ya bintiye ikauliza, "Baba, neno letu?"

Akafumbua mdomo kujibu. Bintiye mwenyewe, aliyekuwa mgongoni mwake, akamziba kwa kiganja.