Mita Tano Kila Siku

"Patasi, meli inatoka! Izuie kabla haijavuka mlango wa hori kwenda bahari kuu."

"Nimekupata, Mkuu."

Jasusi Patasi alitupa redio yake ya Motorola miguuni, akaikaba Yamaha ya boti mpaka mwisho. Saa nane mchana. Maji yanakupwa.

Mbele yake, meli ya wageni imesheheni mchanga wa magendo. Miezi sita walikuwa wakiunyonya mlangoni. Palipochimbwa maji yakapata kasi, yakala kingo, na wiki iliyopita yakaondoka na wodi ya wazazi iliyokuwa ukingoni. Akina mama wanne. Watoto watatu.

Serikali ilikuwa wapi? Ilikuwa ikisoma daftari la mpima kina cha maji ya mlangoni.

Asubuhi hiyo Patasi alilifungua. Bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, mita tano. Maji mafu, yasiyopanda sana, mita tano. Jamani! Bahari gani hiyo isiyojaa wala kupwa? Mtu alikaa ofisini akinakili namba ileile bila haya.

Mtu huyo ni kaka yake.

Risasi kutoka melini zikamlilia sikioni. Patasi hakujibu. Alikata kushoto, akaibana meli upande wa kulia, kule ambako udongo wa kingo ulikuwa umeenda kutua na hakuna aliyepima. Nahodha hakujali. Naye alikuwa na nakala ya daftari, akaziamini mita tano zake.

Chuma kililia. Meli ikakwama, ikalala ubavu.

Boti za polisi zikaizingira. Patasi akashusha majini kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia kina, akasoma fundo.

Mita mbili na robo.

Ofisini, kaka yake hakuinuka kitini.

"Mdogo wangu, wenye meli wangeniua."

"Wamekufa wengine, kaka."

"Unanifunga mimi? Mimi niliyekulea?"

"Wewe uliyenifundisha kupima."

Pingu zikalia. Patasi akavuta daftari, akachukua kalamu, akaandika chini ya zile tano zote: mita mbili na robo.

Kaka yake akachungulia. Mazoea hayana dawa.

"Andika na saa," alinong'ona. "Kina bila saa si kitu."

Patasi alikuwa ameitazama saa yake ya Casio wakati wa kupima. Saa nane na dakika arobaini. Akaandika, akalifunga daftari, akamkabidhi askari mlangoni pamoja na ndugu yake.

"Mkuu, kazi imekwisha."

"Safi sana, Patasi! Na yule mpima kina, unamjua?"

"Nilikuwa namjua."

Akazima Motorola, akavaa miwani ya jua, akaenda zake.