Sijaona na Viwanja Vyake

Mechi ilikuwa imekwisha, na lango la uwanja wa Intwari, mjini Bujumbura, lilikuwa likimwaga watu barabarani. Wauza karanga walipenya katikati yao, vuvuzela moja lilikuwa bado linalia bila sababu, na moshi wa brosheti, mishikaki ya mbuzi, uliwafuata watu hadi ng'ambo ya barabara. Khaled, fundi cherehani wa Buyenzi, alitoka amenuna. Shati lake la kijani la timu ya Kiboko lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Kiboko walikuwa wamefungwa, na kabla ya hapo walikuwa wamekataliwa bao. Akaenda kupanga foleni ya brosheti na hasira yake yote.

“Huyu mwenye kushika kibendera sijui wanamutoa wapi,” aliwaambia waliokuwa mbele yake. “Bao safi kabisa, yeye anainua kibendera! Na jina lenyewe eti Sijaona. Sasa mutu anaitwa Sijaona, utamupatia kazi ya kuona?”

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke aliyekuwa mbele yake, mwenye kitenge cha rangi ya machungwa, mtandio mweupe na begi la michezo begani, hakucheka. Aligeuka polepole.

“Namba tisa alikuwa mbele, bwana. Hatua moja na nusu.”

“We ulikuwa umekaa wapi mpaka uone vizuri hivyo?”

“Sikukaa. Nilikuwa nakimbia.” Akapokea brosheti yake, akaipuliza. “Sijaona ni mi.”

Sasa watu walicheka mpaka mchoma nyama akaacha kupepea moto. Khaled aliangalia viatu vyake, kisha naye akaangua kicheko kuwashinda wote.

“Basi dada, nipe kadi nyekundu nende zangu.”

“Kadi ziko kwa arbitre wa katikati. Mi niko na kibendera tu,” akasema Sijaona, na safari hii pembe za midomo yake zilicheza kidogo.

Wiki iliyofuata Sijaona alileta kwenye karakana ya Khaled suruali mbili za michezo zipunguzwe kiuno. Wiki ya pili alileta moja ambayo haikuwa na tatizo lolote. Khaled aliigeuza mara tatu akitafuta mshono mbovu, akaelewa, akaagiza chai.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Siku za kazi Sijaona alifundisha shule ya msingi huko Ngagara, na kila mwisho wa wiki alipelekwa kuchezesha: leo Rumonge, kesho kutwa Makamba, mara Gitega kwenye uwanja wa Ingoma, mara Muyinga kwenye uwanja wa Umuco. Khaled, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuvuka Gitega, alianza kuijua nchi kwa viwanja vyake. Alijua wapi nyasi ni nzuri, wapi mvua ikinyesha mpira unaelea, wapi mashabiki wanakaa karibu mno na mstari hadi mwamuzi anasikia harufu ya midomo yao.

“Uko wapi, roho yangu?” alikuwa akiuliza kwa simu, sindano mdomoni.

“Muyinga. Baridi! Nimevaa sueta mbili.”

“Ya pili ni ya nani?”

“Yangu, Khaled. We mwenyewe uliishona mukono.”

“Aa. Basi ikupatie joto mpaka nikuone, sheri.”

Lakini siku moja, nyuma ya sauti yake, alisikia sauti nzito ya kiume ikisema: “Sijaona, chai inapoa.”

“Nani huyo?”

“Adrien. Arbitre wetu wa katikati.”

“Anajuaje chai yako inapoa?”

“Si iko mbele yake kwa meza! Tuko wanne hapa, Khaled.”

Alicheka, Khaled naye akacheka, lakini cherehani ilipoanza tena alishona mfuko wa suruali ukafungwa kabisa.

Tangu siku hiyo Adrien alihamia kichwani mwake. Alimtafuta kwenye picha za mechi, akamwona: mrefu, mabega mapana, saa kubwa mkononi. Petroli ilikuwa ya shida, waamuzi walipakiana gari moja, na gari hilo lilikuwa la Adrien. Khaled alianza kuuliza nani alikaa mbele na nani alikaa nyuma. Sijaona alijibu mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa upole. Mara ya tatu hakujibu.

“We unanipenda ao unanichunga?” alimwuliza.

“Nakupenda mpaka nakuchunga.”

“Ng'ombe ndio wanachungwa, Khaled.”

Kisha ikaja mechi ya Ngozi. Kiboko walisafiri kucheza kwenye uwanja wa Urukundo, jina ambalo kwa Kirundi ni upendo, na Khaled alilipenda sana jina hilo hadi saa kumi na moja jioni. Saa hiyo Kiboko walifungwa kwa penalti, na picha ikaanza kuzunguka kwenye simu za mashabiki: Sijaona amekaa kwenye nyasi, na mbele yake Adrien amepiga goti, ameshika mguu wake kwa mikono miwili.

Khaled alipiga simu. Haikupatikana. Alipiga tena na tena, zaidi ya mara ishirini. Asubuhi bado haikupatikana. Saa nne akasikia kutoka kwa mteja kwamba waamuzi hawakurudi Bujumbura, wamelala hukohuko.

Mteja huyo aliitwa Darius, kiongozi wa mashabiki wa Kiboko. Alikuwa amekuja kuulizia jezi zao mpya, naye pia hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya penalti ile.

“Huyu si demu wako?” alisema akionyesha picha. “Pole sana, kaka.”

Neno hilo “pole” ndilo lililommaliza. Khaled aliweka mkasi chini.

“Unataka kujua kwa nini mulifungwa? Wale wawili ni wapenzi. Ile mechi waliipanga kwa oteli, pamoja na watu wa Ngozi. Mi najua.”

Hakujua chochote. Alikuwa hajamaliza sentensi na tayari alitamani kuirudisha, lakini Darius alikuwa ameshatoka, simu sikioni.

Siku nne baadaye, adhuhuri, Sijaona aliingia karakana. Alikuwa amevaa nguo zake za shuleni, sketi ndefu ya bluu na blauzi nyeupe, na alichechemea. Vyerehani vyote vitano vilinyamaza. Akaweka barua juu ya kitambaa.

“Soma.”

Khaled alisoma. Mwamuzi Adrien na msaidizi wake Sijaona wamesimamishwa, kutokana na malalamiko ya timu ya Kiboko kuhusu uhusiano wao na mwenendo wao mjini Ngozi. Kamati itawasikiliza.

“Darius anasema hii maneno ilitoka hapa. Kweli?”

Angeweza kukana. Aliangalia macho yake, akashindwa.

“Nilikuwa na hasira. Ile foto...”

“Foto! Musuli ilinikamata, Adrien akaninyoosha muguu mbele ya uwanja muzima. Petroli tulikosa. Mi nililala kwa Médiatrice, tunashika kibendera pamoja, nyumba yao iko pale Ngozi. Nimelala na watoto wake wawili, mumoja amenikojolea. Telefone ilikufa, umeme apana. Ungeningoja uniulize.”

“Nilikupigia mara ishirini, wallahi.”

“Mi ulinipigia mara ishirini. Darius ulimuambia mara moja. Angalia gani ilifika.”

Sijaona alikunja barua yake taratibu, pindo juu ya pindo.

“Unajua mwezi huu walikuwa wanipatie filimbi? Mara ya kwanza, mi mwenyewe katikati, Gitega. Nilitaka nikuambie uso kwa uso.” Akaibana barua kwapani. “Na nikuambie ingine. Adrien aliniomba, mwaka jana, bado sijakujua we. Nikamukatalia. Mpaka leo ananibebea begi na hajasema neno moja mbaya juu yangu. Mwenye nilimukatalia ndio amenitunzia jina. Mwenye nilimukubali ndio ameliangusha.”

Akaondoka. Khaled alibaki amesimama, na jambo la ajabu ni kwamba hata wakati huo, katikati ya aibu yote, kipande cha moyo wake kilisikia neno moja tu: aliniomba. Wivu haukuwa na haya.

Siku ya kamati alikwenda bila kuitwa. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akangoja kwenye korido hadi karani akachoka kumfukuza. Ndani walikaa wazee watano nyuma ya meza. Darius alikuwa kulia, Adrien na Sijaona kushoto. Sijaona hakugeuza shingo.

“Ile maneno ni mi niliitoa,” alisema Khaled. “Ni uongo.”

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. “Una ushahidi gani kwamba ni uongo?”

“Mzee, mi sijafika Ngozi ata siku moja. Nilikuwa Buyenzi, nashona. Niliona foto, wivu ukaniambia yenye kubakia.”

Mmoja wa wazee alikohoa kuficha kicheko.

“Unajua mjini watakucheka?”

“Wameisha kuanza, mzee.”

Adrien alimwangalia muda mrefu, bila chuki na bila urafiki. Khaled aliona kwa karibu kwamba ni mwanaume mzuri kweli, akaumia upya.

Kamati iliwarudisha kazini baada ya wiki tatu. Lakini mechi ya Gitega ilikuwa imeshachezwa, na filimbi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Sijaona alirudi mstarini na kibendera chake. Mashabiki wa Kiboko walihamisha jezi zao kwa fundi mwingine, na watoto wa mtaani walimwita Khaled “arbitre”. Alivumilia. Miezi miwili hakupiga simu, ingawa kila Jumamosi alijua Sijaona yuko uwanja gani na yuko kwenye gari la nani.

Kisha ujumbe ukaja, mfupi: “Jumamosi niko Rumonge. Ukitaka kuja, kuja. Usinipigie.”

Alikwenda. Alikaa kwenye nyasi upande wa ziwa, katikati ya wanaume wanaotafuna miwa, akamwona akikimbia na mstari, mtandio mweusi umebana, mguu umepona. Mtu mmoja nyuma yake alimtukana Sijaona na mama yake. Khaled alifunga ngumi, akaifungua. Wakati wa mapumziko Adrien alimpelekea Sijaona chupa ya maji, akasema kitu, Sijaona akacheka, kile kicheko ambacho Khaled alidhani ni chake peke yake. Masikio yalimwaka moto. Magari ya kurudi Bujumbura yalikuwa pale pale barabarani, yakiita abiria.

Mechi ilipokwisha watu walitawanyika. Sijaona alikuja na soksi zake zenye vumbi, akasimama mbele yake.

“Uliona nini?”

“Niliona anakupatia maji.”

“Na?”

“Ukacheka.”

“Na?”

“Iliniuma sana, Sijaona. Sitakudanganya. Huu wivu bado niko nao.”

“Najua uko nao. Ukafanya nini?”

Khaled aliangalia nyasi alizokuwa amezing'oa pande zote mbili za magoti yake, sehemu mbili tupu kama zimelimwa.

“Nilikaa.”

Sijaona aliziona zile nyasi. Akajitahidi asicheke, akashindwa, akaketi kando yake huku akishika ubavu.

“Basi ukae vile vile,” alisema alipopata pumzi. “Na Ijumaa, kisha swala, tuma wazee wako kwa baba.”