Sanduku la Kubebwa na Wawili

Jumamosi ile mchana duka la vyombo vya muziki lilikuwa limefurika watu ambao hawanunui. Ipo aina hiyo ya binadamu. Anaingia, anashusha gitaa ukutani, anapiga vipande vitatu anavyovijua, anaguna kama aliyeonja chumvi ya wenzake, anarudisha, anatoka. Jumamosi huja kwa wingi na mashati yao ya kung'aa, kila mmoja anamshinda mwenziwe kelele, ukidhani kuna mnada wa mabati.

Katikati yao, magoti chini, sikio la kulia limebandikwa kwenye ubavu wa sanduku, alikuwapo mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Kasoro. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini halikumkaa. Kazi yake pale dukani kwa shangazi yake ilikuwa kukagua amplifaya za magitaa ya besi, zile ambazo spika na mashine vimo ndani ya sanduku moja, wapigaji wanaziita kombo. Mtu akileta ya kuuza, Kasoro aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, akanusa nyuma kama kuna kilichoungua, akachomeka gitaa, akapiga uzi mnene. Kisha akaitukana. Akiitukana kidogo, shangazi ananunua. Akiitukana sana, mwenyewe anaikumbatia na kurudi nayo kwao.

Umri wake thelathini na moja, gauni la bluu lenye mfuko wa bisibisi, shingo ndefu, kiuno kisichojificha. Hereni moja tu, ya kushoto. Ya kulia aliivua kila alipoanza kazi maana iligongagonga sanduku, na mara nyingi aliisahau mfukoni mpaka saa ya kulala. Waliokuja kumposa walikuwa watatu. Wa kwanza alicheka kama mlango usiotiwa mafuta. Wa pili aliongea huku anatafuna. Wa tatu hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Wote aliwagonga mbavu, akasikia uwazi ndani, akawarudisha.

Basi akaingia mwanamume kakumbatia kombo tumboni kama anayemtoa mgonjwa hospitali. Mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, ila kola imejaa vumbi la mbao, na penseli sikioni. Watu wakampisha, si kwa heshima, kwa kuhurumia vidole vyao vya miguu.

"Weka chini," Kasoro akasema bila kuinua macho. "Si hapo. Kwenye kona kila takataka inasikika nene, ukuta unaibeba. Lete katikati."

Akaweka katikati. Kasoro akagonga.

"Hiki kikabati cha vikombe umekiokota wapi?"

"Kwani kina tatizo, dada?"

"Lingekuwa moja ningesema tatizo. Sikia." Akagonga tena. "Boksi la viatu. Huu ubao wa vumbi la kugandishwa, ukipata maji unavimba kama mkate kwenye chai. Spika imeshikwa kwa skrubu za mbao. Mwezi mmoja tu wa kutetemeka, zinalegea, linaanza kukoroma. Boliti na nati zimekwisha duniani? Kona hazina chuma. Mpini umepigiliwa misumari, siku utachomoka utakuangukia mguuni na utakuwa umestahili. Na huu mfuniko wa nyuma unacheza kama jino la mtoto."

Akachomeka gitaa, akapiga uzi mnene.

"Hiyo si besi. Huyo ni ng'ombe ndani ya pipa."

Watu wa Jumamosi wakacheka, wao ambao besi hawaijui na ng'ombe humuona kwenye kalenda.

"Halafu zito," Kasoro akaendelea. "Kombo ni ya mtu mmoja kushika na kutoka nayo. Kitu cha kubebwa na watu wawili ni jeneza au kitanda."

"Mwanangu," shangazi akaita kutoka kaunta, "kumbuka hapa ni dukani, si mahakamani."

Yule mwanamume alikuwa ametoa penseli sikioni, anaandika nyuma ya kipande cha msasa.

"Umesema boliti na nati, kona za chuma. Baada ya mfuniko wa nyuma ilikuwa nini?"

"Unaandika nini wewe?"

"Kasoro."

"Hilo ni jina langu."

"Basi nimelipata bila kuomba."

Kasoro akainua macho kwa mara ya kwanza. "Niambie fundi aliyekuundia hili, nikamtukane ana kwa ana."

"Umeshamtukana. Ni mimi. Mimi seremala. Spika na mashine nilinunua, sanduku nikaunda mwenyewe."

Mwanamke mwingine angetafuta pa kuweka uso. Kasoro akasema, "Basi ukome."

Seremala akacheka. Msiniulize kwa nini mtu aliyedhalilishwa mbele za watu anacheka, wanaume wana hesabu zao. Lakini kicheko kilitoka chini kabisa, kikajaa kifuani, kikatoka bila kukwaruza popote. Kasoro alikisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akajikasirikia, akajifanya anatafuta bisibisi.

Namba ya simu Seremala aliiomba kwa sababu ya boliti. Hivyo ndivyo alivyosema, na Kasoro akajifanya ameamini, na shangazi akajifanya hakusikia. Watu watatu, uongo mmoja, kila mtu kala fungu lake.

"Mpenzi," simu ya kwanza ikaanza, "ubao uwe mnene kiasi gani?"

"Mpenzi wako ni nani? Milimita kumi na nane. Plaiwudi, si ule uji mkavu uliouleta siku ile."

"Na kona nigundishe kwa gundi peke yake?"

"Kona zikate meno, zing'atane, ndipo utie gundi. Seremala mzima unaniuliza mimi hilo?"

"Najua, kipenzi. Nilitaka uniambie wewe."

Akamkatia. Akakaa dakika nzima anatazama simu, mdomo umepinda upande mmoja, na kwa watu wa ukoo wao huko ndiko kutabasamu.

Siku zikafuatana. Kila Alhamisi mchana Seremala alipita dukani na kitu mkononi: kipande cha plaiwudi kigongwe, nguo ya kufunika spika ipulizwe kuona kama inapitisha hewa. Kasoro alivitukana vyote, kila kimoja pungufu ya kilichotangulia. Walikaa kwenye benchi nje ya duka wanakula karanga, mmoja anamenya, mwingine anakosoa anavyomenya.

"Hivi kuna kitu umewahi kukisifu?" Seremala alimuuliza siku moja.

"Kipo. Kwa kimya."

"Ukinyamaza ndiyo umesifu?"

"Hujawahi kunisikia nikinyamaza."

"Nitangoja," akasema, akamtilia karanga kiganjani.

Shangazi aliyaona yote kupitia dirisha. "Kombo," aliwaambia wateja, "jina lenyewe limekwenda upande, nao wanataka mapenzi yake yanyooke."

Ulipotimia mwezi wa tatu, Jumapili alasiri, simu ikaita. Kasoro alikuwa nyumbani anakunja nguo.

"Nimemaliza sanduku jipya, laazizi," Seremala akasema, pumzi juu juu. "Nakupigia humu humu karakana, nimeshindwa kungoja mpaka Alhamisi. Kuna wimbo nimeutunga. Sikiliza mpaka mwisho, mwishoni nina neno."

Akaweka simu juu ya meza, akapiga. Kasoro akabana simu sikioni, lile sikio la kulia linaloogopwa mtaa mzima. Akasikia tik, tik, tik. Kucha juu ya nyuzi. Chini yake hapakuwa na kitu, si unene, si joto. Na kwa kuwa alikuwa ametumaini sana, jambo ambalo hakulizoea, akaona ameaibishwa.

"Basi, basi," akapaza sauti. "Kuku anadonoa bati. Miezi mitatu nakufundisha unaniletea hiki? Rudi kwenye stuli zako. Upigaji huna, ufundi huna, na sanduku hilo litie kiberiti upate hata maji ya kuoga."

Upande wa pili gitaa likanyamaza.

"Umesikia yote?"

"Ya kutosha."

"Haya," Seremala akasema taratibu. "Asante, dada."

Miezi mitatu alikuwa mpenzi, kipenzi, laazizi. Hilo dada likamshuka Kasoro kama maji ya barafu mgongoni. Simu ikawa imekatwa.

Alhamisi hakuja. Ya pili hakuja. Kasoro akasema heri, vumbi limepungua. Akatukana kombo nzuri tatu mfululizo, shangazi akazikosa zote, zikanunuliwa duka la pili. Akamtukana mwenye kuleta chai. Akaanza kutoka nje kwenye benchi saa saba kamili, anasema anaota jua, na siku zenyewe zina mawingu.

Wiki ya tatu simu ya duka ikalia. Mtu ana kombo ya besi anauza, yuko mbali kidogo.

"Nikupigie hapa hapa usikie ilivyo?" mtu akauliza.

"Besi kwenye simu?" Kasoro akafyonza mpaka wateja wakageuka. "Wewe una akili timamu? Simu haina tumbo. Sauti nene haiingii humo hata ukiisukuma kwa fimbo, utasikia kucha tu zinadonoa. Hata mtoto mchanga anajua. Mpumbavu gani anahukumu besi kwa..."

Mkono uliobeba simu ukashuka wenyewe mpaka kaunta. Yule mtu akabaki anasema halo, halo, kama mbuzi kwenye ua.

"Umesema nini?" shangazi akauliza.

"Sijasema kitu."

"Umesema neno la akili, ndiyo maana nimeshtuka." Shangazi akaichukua simu, akaikata. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya ile Jumapili, nusu nusu, kati ya matusi. "Sasa nenda."

"Nikamwambie nini, shangazi?"

"Kuna neno linaitwa samahani. Si refu. Hata wewe mdomoni litakuenea."

"Na akinifukuza?"

"Basi utakuwa umegongwa ubavu na wewe, tujue kama ndani mna kitu."

Alivaa gauni la zambarau na hereni zote mbili, ili aonekane hakwenda kikazi. Karakana ilikuwa mtaa wa nyuma, bati juu, maranda mpaka kwenye kifundo cha mguu, harufu ya gundi na mbao mbichi. Seremala alikuwa anapiga randa. Alimwona, akaendelea kupiga.

"Karibu, dada. Leo mmefunga?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Ulishasikiliza."

"Nilisikiliza simu. Mimi, ambaye watu nawacheka kwa hilo hilo. Sa..." Akakohoa. "Sama..."

"Umepaliwa?"

"Samahani. Usinitazame, imeshatoka, hairudii."

Seremala akaweka randa chini. Hakucheka. Alikwenda pembeni, akavuta turubai.

Kasoro, bila kujijua, akavua hereni ya kulia, akapiga magoti kwenye maranda na gauni lake la zambarau. Akagonga: mbao zikajibu fupi, zito, hazina unafiki. Kona zimeng'atana meno, zimevikwa chuma. Spika imeshikwa kwa boliti nane, na kila boliti na nati yake. Mfuniko wa nyuma hata ukucha hauingii. Na juu, ukutani, kilikuwa kimebandikwa kile kipande cha msasa, matusi yake ya Jumamosi ile yameandikwa yote kwa penseli, kila moja limefutwa kwa mstari. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza hivyo. Barua za mapenzi alizopata maishani zilikuwa tano, na ya sita alikuwa ameiandika mwenyewe kwa mdomo wake mchafu.

"Tukana," Seremala akasema.

"Nangoja sauti."

"Basi usinigande hapa. Nenda kakae kule ukutani mwisho. Sauti nene inataka nafasi ya kujinyoosha, aliyeigandia haipati."

Hilo Kasoro alilijua na hakuwahi kulifanya, maana mtu wa kubandika sikio hana subira ya kukaa mbali. Alikwenda, akaketi juu ya rundo la mbao. Seremala akapiga.

Ilimfika kwanza kwenye mbao alizokalia, ndipo kifuani, mwisho ndiyo masikioni. Maranda sakafuni yalikuwa yanatetemeka. Wimbo ulikwenda polepole, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayojua atafunguliwa. Kasoro alitafuta kasoro kwa bidii zote. Wimbo ukaisha. Akanyamaza.

Seremala akangoja. Kimya kikaendelea. Hapo ndipo alipoanza kutabasamu.

"Ulichelewa kidogo kwenye uzi wa tatu," Kasoro akasema hatimaye.

"Nilikuwa nakutazama."

Akainuka haraka ili asionekane macho, akaliendea sanduku alinyanyue, kama kawaida ya kazi. Halikunyanyuka. Juu hapakuwa na mpini. Mipini ilikuwa miwili, mmoja kila ubavu, mbalimbali, mikono ya mtu mmoja haifiki.

"Sasa huu uchafu gani? Nilikwambia nini siku ile? Kombo ni ya mtu mmoja."

"Ulisema cha kubebwa na wawili ni jeneza au kitanda."

"Ndiyo, na?"

"Zile kasoro zako zote nimezitoa. Hiyo moja nimeitia mwenyewe." Akajifuta vumbi mikononi. "Na ndilo neno lililokuwa mwisho wa wimbo."

Kasoro alimtazama juu mpaka chini, polepole, kama kitu kilicholetwa dukani.

"Kola chafu," akasema. "Simu hujui matumizi yake. Na kuposa kwenyewe huwezi mpaka upigilie mbao."

"Hayo matusi ni machache."

"Nimeyahesabu. Shika upande wako, tumpelekee shangazi alione."

Wakainama, wakalinyanyua pamoja, wakatoka nalo mlangoni ubavu ubavu, wanagombana hatua.

"Usinivute."

"Tembea kama mtu, basi."

"Na kitanda je?" Seremala akauliza walipofika barabarani. "Nikianze lini?"

"Kesho." Kasoro hakugeuka, hereni yake moja inacheza shingoni. "Milimita kumi na nane, na boliti na nati. Ukinitilia skrubu za mbao, mwezi mmoja tu wa kutetemeka, zinalegea."